Udongo tunapima, mzee hatumpimi: hasira yangu juu ya "chakula cha ubongo"

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika juu ya baka jani kwenye viazi, maana mvua haziko mbali na wengi bado hamjaandaa dawa. Itabidi lisubiri kidogo. Siku ya gulio nimekutana na jambo lililonikera mpaka nikakosa usingizi.

Kijana alikuwa na pikipiki, spika imefungwa nyuma ya kiti, sauti inasikika mpaka stendi. Anauza "unga wa ubongo", pakiti ya robo kilo kwa shilingi 15,000. Ndani, kwa maelezo yake mwenyewe, kuna mbegu za maboga, ufuta, majani ya mlonge na tangawizi. Unazuia kusahau, unashusha presha, unaondoa sukari, unafaa rika zote. Mama mmoja ninayemfahamu kwenye kikundi cha kuweka na kukopa alinunua pakiti mbili za mama yake, aliyeanza kuuliza jambo moja mara nne nne. Akanigeukia: "Bwana shamba, si ni mazao yetu haya haya?" Ni kweli ni mazao yetu. Mbegu za maboga tunazitupa kwenye lundo la mboji, halafu zinaturudia zikiwa na picha ya ubongo juu ya karatasi. Kwa bei ya pakiti moja mama yule angepata trei nzima ya mayai na chenji ikabaki.

Yule kijana hanisumbui sana. Anatafuta riziki kama sisi wote. Ninachokipinga ni wazo lililomleta, nalo siku hizi limeingia hata kwenye semina zetu na kwenye magrupu ya simu: kwamba kuna chakula kimoja cha kuzuia demensia, na kazi yetu ni kukitaja jina tu ili wazee wote wakile.

Ukija ofisini ukaniuliza uweke mbolea gani, nikakujibu "weka DAP mifuko miwili" bila kukuuliza shamba liko wapi, una haki ya kunifukuza. Shamba la Shume kwenye baridi si shamba la Mombo. Hata ndani ya kijiji kimoja, kipande cha bondeni kinachotuama maji na kipande cha mgongoni chenye udongo mwekundu haviwezi kupewa mbolea moja. Ndiyo maana kuna kituo cha utafiti wa udongo Mlingano, kule Muheza. Somo hili tulilipata kwa gharama, kwa sababu kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mfuko ule ule kwa kila mtu, na palipokuwa na udongo wenye uchachu mbolea ya amonia ikazidisha uchachu. Leo hakuna afisa ugani mwenye haya anayeshauri hivyo. Basi kwa nini mzee wa miaka 75, aliyebeba magonjwa yake, dawa zake, meno yake mawili na umaskini wake, ashauriwe kwa tangazo la spika?

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Demensia si uzee. Wazee wengi hufika miaka 90 wakikumbuka mpaka wa kila shamba na deni la kila jirani. Demensia ni ubongo kuharibika, mara nyingi kwa ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingi pia kwa mishipa midogo ya damu iliyochakazwa na presha na sukari, na mara nyingi kwa vyote viwili pamoja. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Waliokuwa na demensia walikuwa kama 6 katika kila 100. Hai ni mlimani kama kwetu, ni migomba na maharage kama kwetu. Na katika wilaya hiyo hiyo, wazee wa umri huo walipopimwa presha, takriban asilimia 70 walikuwa nayo, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kututisha, kwa sababu presha tunaweza kuikamata.

Sasa, je, chakula kinazuia? Nitasema ninachojua, na wauza unga watanisamehe. Hakuna chakula hata kimoja ambacho peke yake kimethibitishwa kuzuia demensia. Mwaka 2023 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la mlo uitwao MIND, wenye mboga za majani, matunda ya jamii ya stroberi, karanga, samaki na mafuta ya zeituni. Watu 604 walifuatiliwa miaka mitatu. Waliokula mlo huo na waliokula chakula chao cha kawaida huku wakipunguza kiasi, kumbukumbu zao hazikutofautiana kwa maana yoyote. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Ufini walitoa matokeo ya jaribio la FINGER, watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77, kwa miaka miwili. Wale walifanikiwa: akili za walioshughulikiwa zilifanya vizuri kuliko za wenzao. Lakini angalieni walichofanya. Kila mtu alipata ushauri wa lishe wa peke yake pamoja na wa kikundi, akafanya mazoezi, akafundishwa kuishughulisha akili, na presha, sukari na mafuta ya damu vikafuatiliwa. Walimtazama mtu mzima mzima. Hakuna aliyepewa pakiti.

Kwa hiyo wanaosema lishe ipangwe kwa mtu mmoja mmoja wana haki, nami niko upande wao. Uingereza kuna utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya watu kama 1,000, wengi wao mapacha, ukaonyesha kwamba hata mapacha wanaofanana kabisa sukari ya damu haipandi sawa baada ya chakula kile kile. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili, "lishe yako binafsi", limeshachukuliwa na wafanyabiashara. Huko ng'ambo wanakuuzia kipimo cha vinasaba kwa mate, wanakupangia mlo. Kuna chembe ya urithi moja inayoitwa APOE e4 ambayo kwa Wazungu inaongeza sana hatari ya Alzheimer. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walipochunguzwa, uhusiano huo haukuonekana vile vile. Kama kipimo hakisomeki sawa Ibadan, mtu wa Mlalo alipie ili iweje?

Kupima ninakokusema mimi kunafanyika zahanati kwa dakika kumi, na kwingine kunafanyika jikoni kwa kuuliza na kusikiliza.

Naandika haya kwa ukali kwa sababu nami nina kosa, na mwenye kosa hilo ni mimi, si mtu mwingine. Miaka michache iliyopita, kwenye mkutano wa kikundi, nilisimama nikawaambia wazee wote kwa pamoja: punguzeni wanga, ugali uwe mdogo, sahani ijae mboga, usiku kuleni kidogo sana. Nilipigiwa makofi. Mzee mmoja mwenye sukari, anayemeza glibenklamidi kila asubuhi, alinitii kuliko wote. Akaacha ugali, akaacha ndizi, usiku akanywa maji. Dawa hakupunguza, maana hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu alfajiri mkewe alimkuta ameloa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, hamtambui mtoto wake. Nyumba ikajaa. Mmoja anasema ni uzee umeshaingia kichwani, mwingine anataja jirani kwa jina. Aliyemwokoa ni mjukuu wa darasa la saba aliyekumbuka somo la shule, akamnywesha chai yenye sukari nyingi. Baada ya robo saa mzee akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani mwake.

Sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Mara moja mtu anapona, lakini kushuka sana kunakojirudia kunaumiza ubongo, na wazee wenye kisukari waliopatwa na hali hiyo mara nyingi ndio hao hao wanaoonekana zaidi kwenye hesabu za demensia. Yaani ushauri wangu wa "kulinda ubongo" ulikuwa unauchoma. Nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu, "Mwanangu, wewe ulisema na mkutano, mimi nikadhani unasema na mimi." Sentensi hiyo bado naisikia.

Tuchukue tena sahani ile ile ya mabango, mboga nyingi na wanga kidogo, tuipeleke kwa bibi mjane wa juu ya Soni ambaye namtembelea kwa ajili ya ng'ombe wake. Ana ng'ombe wa maziwa mmoja, kuku kumi na tano, na robo ekari ya karoti na hoho. Maziwa yanakwenda kwa mkusanyaji, mayai yanakwenda dukani, hoho zinapakiwa kwenye lori la Kariakoo. Yeye anakunywa chai kavu na muhogo wa kuchemsha, kwa sababu meno yameisha na maharage hayatafuniki. Kila mwaka gauni linampwaya zaidi. Huyu ukimwambia apunguze wanga unamuua. Mzee anayekonda bila sababu ni wa kuangaliwa haraka, kwani kukonda mara nyingi hutangulia kusahau kwa miaka. Na mboga za majani, pamoja na kuzipigia debe kwangu kote, hazina vitamini B12 hata chembe. Hiyo inapatikana kwenye maziwa, mayai, samaki, dagaa na nyama. Ikikosekana mtu huanza kusahau, miguu huwaka na kufa ganzi, akayumba akitembea, na watu wakasema ni umri. Ikigundulika mapema inatibika kwa sindano au vidonge. Wanaomeza metfomini kwa miaka mingi nao huishiwa nayo, ndiyo maana ni vizuri waulize zahanati.

Mlo wa bibi yule ulipangwa pale pale jikoni kwake na mkwewe, bila gharama ya ziada: kikombe kimoja cha maziwa kinabaki nyumbani kabla ya mkusanyaji kufika, yai moja kila siku ya pili, dagaa wanatwangwa na kuchanganywa kwenye uji, maharage yanapondwa kwa mwiko. Mkusanyaji alinuna kidogo. Gauni sasa limetulia.

Jirani yake, nyumba ya tatu, ni mzee mwenye presha na mwili mzuri. Huyu hana shida ya kukonda. Shida yake ni chumvi, na wengi mngemwuliza kama anakula chumvi angekujibu hapana, haongezi mezani. Lakini maharage ya nyumba ile yanachemshwa kwa magadi ili yaive upesi na kuni zisiishe, mnavu unatiwa magadi ulainike, na mboga ya kila jioni ni ng'onda kutoka Tanga. Magadi ni sodiamu, ndugu zangu, kama chumvi ilivyo. Tena yanaharibu vitamini ya thiamini iliyomo kwenye maharage. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji kunafanya kazi ile ile ya kuivisha upesi. Ng'onda aloweke, abadilishe maji mara mbili, au ale dagaa wasiotiwa chumvi. Lakini hata akifanya yote hayo, kama presha yake ni 180, dawa ndiyo dawa. Chakula kinasaidia vidonge, hakivifukuzi. Wauza unga wanaosema "achana na vidonge" wanawaua watu, nami sitalainisha neno hilo.

Halafu yuko mwenye figo zilizochoka. Kwake ndizi, viazi na parachichi, vyakula ninavyovisifu kila siku kwenye ukurasa huu, vinaweza kujaza potasiamu kwenye damu mpaka moyo ukasimama. Huyo asinisikilize mimi kabisa. Amsikilize daktari wake.

Watu wanne, kijiji kimoja, sahani nne. Yule kijana wa pikipiki angewauzia wote pakiti moja.

Wapo watakaonijibu kwamba wazee wetu wa zamani walikula vyakula vya asili wakaishi na akili zao, kwa hiyo turudi kwenye mchunga, mnavu, uji wa ulezi na bada, basi. Napenda hoja hii kuliko ya unga, na ina kitu ndani yake. Aprili 2025 watafiti wa KCMC Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio la wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Waliokuwa wakila chakula cha asili walipohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu zao zilionyesha dalili zaidi za mwasho ndani ya mwili. Waliotoka mjini wakahamia chakula cha asili, dalili hizo zilipungua. Hizo ni habari njema kwa anayelima mnavu. Lakini hao walikuwa wanaume wenye afya, kwa wiki mbili, na kilichopimwa ni damu, si kumbukumbu. Katika jaribio hilo kundi moja lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa wiki moja, na tayari nimesikia mtu akilitumia kutetea debe lake la dengelua. Hapana, mzee wangu. Pombe nyingi kila siku ni mojawapo ya njia fupi kabisa za kupoteza kumbukumbu.

Na wale wa Dar es Salaam mnaopiga simu: "Msimpe mama ugali, nimeona kwenye YouTube." Mnapiga mara moja kwa wiki, anayepika ni dada aliyebaki nyumbani, na ndiye anayejua mama anatapika nini na anaficha nini chini ya godoro. Badala ya maelekezo, tumeni nauli ya kumpeleka kupimwa. Mwulizeni pia kama anasikia vizuri. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Ndani yake wapo presha, sukari, uziwi, upweke, pombe, sigara, hata hewa chafu. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa baridi yetu hii ya Magamba, ni hewa chafu. Unga wa mlonge hautoi moshi.

Najua pingamizi kubwa: nani atawapima wote hao? Wataalamu wa lishe tunao wachache, na daktari yuko mbali. Ni kweli. Lakini China walifanya jambo linalofanana na hali yetu. Katika vijiji 326 walichukua watu karibu 34,000 wenye presha isiyodhibitiwa. Katika nusu ya vijiji kazi ilikabidhiwa wahudumu wa afya wa kijiji, si madaktari bingwa: wapime, watoe dawa za bei nafuu au za bure, wamfundishe mtu kujipima nyumbani, wamshauri juu ya chumvi, uzito na pombe. Matokeo ya miaka minne yalitolewa mwaka 2025. Demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kwenye vijiji vile. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunazo zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumshika mzee mkono mpaka kwenye dirisha hilo, na huyo anaweza kuwa wewe.

Mkifika, ombeni presha ipimwe na sukari ipimwe, na namba ziandikwe kwenye daftari, msiridhike na "iko vizuri". Bebeni dawa zote anazomeza kwenye mfuko, na za mitishamba pia. Mpimeni uzito, mrudi baada ya miezi mitatu mpime tena. Semeni anakula nini jana na juzi, si anachopaswa kula. Kama amebadilika ghafla ndani ya siku chache, hiyo mara nyingi si demensia, ni maambukizi au sukari au dawa, na ni ya kukimbizwa siku hiyo hiyo. Mkishapata namba zake, njooni tukae na anayepika, tuangalie bustani ina nini na lori linachukua nini.

Kuanzia mwezi ujao sitasimama tena mbele ya kikundi kuzungumzia lishe ya wazee peke yangu. Kikundi kinachonihitaji kiniite siku ambayo mhudumu wa afya yupo na mashine ya presha. Akiwa hayupo nitakuja pia, ila tutazungumza baka jani.